Kuchapa ukumbi wa hekalu na bustani yake kwa ubao, kwa mtindo wa Kijapani

Picha ya ubao yenye jengo na bustani ina kazi mbili ndani yake. Mstari wa upenu ukihama nusu milimita, hata mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji ataona kuna kitu kimekwenda upande. Kijani cha msonobari kikihama nusu milimita hiyo hiyo, hakuna atakayegundua, na pengine mti ukapendeza zaidi. Jengo halisamehe, bustani husamehe. Hatua zote zilizo hapa chini, kuanzia mchoro hadi mchapo wa mwisho, zinafuata tofauti hiyo: wapi ukaze mkono, wapi uuachie.

Njia yenyewe huitwa mokuhanga. Rangi ni za maji, gundi ni ya mchele, karatasi huchapwa ikiwa na unyevu, na kinachokandamiza ni mkono wa mtu, bila mashine. Zamani kazi iligawanywa kwa watu wanne: mchoraji, mchongaji, mchapaji, na mchapishaji aliyetoa fedha na kusimamia. Kawase Hasui (1883–1957) alichora, lakini waliochonga na kuchapa walikuwa mafundi wa mchapishaji Watanabe Shozaburo. Yoshida Hiroshi (1876–1950) aliwasimamia mafundi wake mwenyewe, na chapa alizozikubali zina muhuri wa jizuri, yaani "amechapa mwenyewe", pembeni. Kabla ya kushika patasi, tafuta picha kubwa za kazi mbili: hekalu la Zojoji kwenye theluji la Hasui, la mwaka 1925, na lango la Yomeimon la Nikko la Yoshida, la mwaka 1937. Hilo la pili lilichapwa mara 96 kwenye karatasi ile ile. Lile la kwanza litakufundisha zaidi: lango jekundu, theluji nyeupe, msonobari, na mwanamke mwenye mwavuli. Angalia jinsi nyekundu inavyokoma kwenye mstari bila kuuvuka.

Picha tutakayoichapa

Ukumbi mdogo wa hekalu kando ya bwawa, wakati wa jioni. Paa la vigae, kuta nyeupe, milango ya karatasi iliyowashwa taa ndani, baraza ya mbao mbele. Kushoto kuna msonobari mmoja. Ukingoni mwa maji kuna taa ya mawe ya aina iitwayo yukimi, yenye kofia pana na miguu mifupi. Theluji imetulia juu ya paa na juu ya taa.

Theluji imetulia, haianguki. Theluji inayoanguka hutengenezwa kwa kuchimba vitone kwenye ubao wa kila rangi, ili karatasi ibaki nyeupe mahali hapo, na kila kitone lazima kikutane na mwenzake kwenye mbao zote. Kikikosana hata kidogo, kinapata ukingo wa rangi. Iache kwa picha ya tano au ya sita. Theluji iliyotulia ni karatasi tupu tu: usichape kitu.

Picha ni sentimita 24 kwa 18, imelala. Karatasi ni sentimita 28 kwa 22, yaani ukingo wa sentimita 2 kila upande. Mbao ni sentimita 30 kwa 24. Utahitaji mbao tatu zinazochongwa pande zote mbili, hivyo nyuso sita. Andaa karatasi 16: nne za kujaribia, kumi na mbili za kazi.

Mbao na vyuma

Mafundi wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, walichonga mcheri wa mwituni, ambao ni mgumu na una chembe ndogo zilizoshikamana, ukaweza kubeba mistari myembamba kama unywele kwa maelfu ya nakala. Leo wengi huanza na plaiwudi ya shina, mti laini wa Japani wenye uso usio na mishipa mikubwa. Chukua ya milimita 9. Ya milimita 6 hujipinda ikilowa upande mmoja, na ubao uliojipinda hauchapi katikati. Hata kwa ile ya milimita 9, unapolowesha uso futa na mgongo kwa kitambaa chenye maji.

Aliyeko Afrika Mashariki atavutiwa kujaribu mninga au mvule. Ni mbao nzuri za samani, ila vinyweleo vyake ni vikubwa na vitaacha vistari vyeupe kwenye rangi bapa. Kwa maji ya bwawa hilo linaweza kufaa. Kwa ukuta na paa, hapana. Mbao za msonobari zina shida nyingine: safu ngumu na safu laini zimepishana, kisu kinaruka kutoka moja hadi nyingine na mstari unakatika.

Vyuma vinne vinatosha: kisu cha kuchongea mistari (hangito), patasi nyembamba ya mdomo wa mviringo ya milimita 3 (aisuki), patasi ya mdomo wa U ya milimita 8 hadi 12 kwa kuchimbua sehemu pana, na patasi bapa ya milimita 15 kwa alama za kuelekeza karatasi. Noa kwa kinoo cha maji cha 1000, kisha 6000. Kisu butu hakikati nyuzi, kinazisukuma, na pembe za vimiraba vya milango ya karatasi zitamomonyoka hata ukiwa na mkono wa dhahabu. Kwenye kazi ya saa moja, rudi kwenye kinoo cha 6000 walau mara mbili.

Kusugulia, tumia bareni. Ni kisahani cha karatasi zilizogandishwa pamoja, ndani kikiwa na kamba iliyosokotwa kwa ganda la mwanzi, na nje kimefungwa kwa ganda jingine la mwanzi. Za bei nafuu zinatosha kujifunzia. Mgongo wa kijiko cha mbao unafaa kwa sehemu ndogo kama nguzo na milango, lakini juu ya anga utaacha michirizi.

Kuchora kwa ajili ya kisu

Chora kwenye karatasi nyembamba kwa brashi au kalamu nyeusi. Sehemu ya jengo ina mistari mitatu inayobeba picha yote: mgongo wa paa, upenu, na ukingo wa baraza. Upenu wa hekalu la Kijapani haujanyooka. Katikati unakaribia kulala, kisha unainuka taratibu ukikaribia pembe. Anayeuchora kwa rula anapata paa la ghala. Kipaa nacho kimebonyea kidogo kati ya mgongo na upenu, kwa hiyo safu za vigae zinazoshuka nazo zipinde hivyo hivyo, na nafasi kati yake ipanuke kadiri zinavyoteremka.

Usichore kila kigae. Paa la hekalu lina vigae bapa vilivyofunikwa kwa vigae vya nusu duara, na ukiwa mbali unachoona ni mbavu tu. Mstari mmoja kwa kila ubavu unatosha, ukiishia kwenye kiduara kidogo upenuni. Kwa ukubwa wa picha hii, mbavu 16 hadi 20 kwenye kipaa cha mbele. Ukizidisha hapo, nafasi kati yao itakuwa chini ya milimita 3 na wino utaziba. Mahali penye theluji, ukate ubavu kabisa. Uanze tena chini theluji inapoisha. Jicho litaumalizia lenyewe.

Mistari ya jengo iwe na unene wa milimita 0.8 hadi 1 kwa mara ya kwanza. Bustani usiizungushie mistari. Msonobari, ukingo wa bwawa na mawe ya kukanyagia viachie rangi zenyewe ziwe mipaka. Taa ya mawe pekee ndiyo ipate mstari, na uwe umekatika katika, kama jiwe lilivyo.

Kuchonga ubao wa mistari

Paka gundi ya mchele nyembamba sana juu ya ubao kwa kiganja, kisha laza mchoro uso chini. Gundi iende kwenye ubao, kamwe si kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi ikilowa inatanuka na ukumbi wako utapinda. Ikikaribia kukauka, lowesha ncha ya kidole na usugue mgongo wa karatasi taratibu mpaka nyuzi za juu zitoke na mistari ionekane wazi, ikiwa imegeuka kama kwenye kioo. Tone la mafuta mepesi husaidia mistari kung'aa zaidi.

Shika kisu kama unavyoshika fimbo fupi, kidole gumba juu, na mkono wa pili uongoze ncha. Mkato wa kwanza uende kandokando ya mstari, kisu kikiwa kimelala kidogo ili mstari uwe na mguu mpana chini kuliko juu. Ukikilaza upande wa pili, mstari unabaki na mguu mwembamba na utavunjika kwenye nakala ya kumi. Mkato wa pili unatoka upande wa pili, milimita 2 mbali, ukikutana na wa kwanza chini. Kinachotoka ni ukamba wa mbao wenye umbo la V.

Milango ya karatasi ndiyo sehemu inayoharibu mbao nyingi za wanaoanza. Ina vimiraba pengine 40, kila kimoja milimita 4 kwa 6, na kati yake vijiti vya milimita 0.8. Kata kwa kisu mistari yote ya kulala kwanza, pande zote mbili za kila kijiti. Kisha kata yote ya kusimama. Usichimbe hata kimiraba kimoja mpaka mikato yote iishe. Hapo ndipo uchukue aisuki ya milimita 3, uanze kwenye pembe, na usukume kuelekea katikati ya kimiraba, kamwe si kuelekea kijiti. Kijiti kikivunjika, usitupe kipande: kibandike kwa gundi ya mbao, kiache usiku mzima, uendelee kesho.

Mistari ikishakatwa yote, chimbua sehemu tupu. Karibu na mstari, kina cha milimita 1 hadi 1.5 kinatosha. Katikati ya eneo pana kama anga, chimba milimita 3 hadi 4, kwa kuwa karatasi yenye unyevu inalegea na bareni itaisukuma hadi sakafu ya ubao, itoke na madoa. Fundi wa nakshi za milango wa Zanzibar au Lamu atakuwa na mkono tayari kwa kazi hii, ila akumbuke jambo moja: huku kina hakionekani. Kinachochapa ni uso wa juu pekee, na huo usiguswe hata na msasa baada ya kuchonga.

Kento

Kento ni alama mbili za kuelekeza karatasi, zinazokaa nje ya picha, chini, upande ulio karibu nawe. Ya kwanza, kagi, ni pembe ya L kwenye kona ya kulia. Ya pili, hikitsuke, ni mstari mmoja ulionyooka upande wa kushoto, yapata theluthi mbili ya urefu wa karatasi kutoka kwenye kagi, kwa hiyo hapa ni kama sentimita 18 hadi 19. Zote ziwe sentimita 2 nje ya picha.

Simamisha patasi bapa wima kabisa kwenye mstari na uigonge hadi milimita 1. Kisha, kutoka upande wa picha, kwangua kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye ukuta huo. Karatasi itateleza hadi igonge ukuta na kusimama. Ukuta ukiwa umelala, karatasi inapanda juu yake na kila nakala itakuwa na hadithi yake. Kina kikizidi, pembe ya karatasi inakunjika.

Chonga kento kwenye ubao wa mistari kabla ya kitu kingine chochote kwenye mbao za rangi. Kisha paka wino kwenye mistari na kwenye kento zenyewe, na uchape karatasi tano nyembamba, kavu. Hizi huitwa kyogo. Kila moja ibandikwe uso chini kwenye uso mmoja wa ubao wa rangi, kwa njia ile ile ya mwanzo, na kento ichongwe kutoka kwenye alama iliyochapwa. Usipime kento za ubao wa pili kwa rula hata siku moja. Rula haijui kama karatasi imetanuka, kyogo inajua.

Kugawa rangi

Nyuso tano zilizobaki zigawe hivi: kwenye uso mmoja, mwanga wa milango na mbao za baraza, kwenye wa pili, paa, kwenye wa tatu, msonobari na taa ya mawe, wa nne, maji, wa tano, anga. Rangi mbili zinaweza kukaa uso mmoja mradi ziwe mbali kwa sentimita 3 au zaidi, brashi zisigusane.

Mahali palipo na mstari mweusi, kata ukingo wa rangi katikati ya unene wa mstari huo. Hapo unajipatia nafasi ya kukosea ya karibu nusu milimita, na ndiyo sababu tuliacha mistari ya jengo iwe minene kidogo. Mahali pasipo na mstari, kama maji yanapokutana na ukingo wa bustani, acha rangi hafifu ipite chini ya rangi nzito kwa nusu milimita.

Ubao wa anga uchongwe ili mishipa ya mbao ilale. Ukitaka mishipa ionekane kwenye maji, lowesha ubao na uusugue kwa brashi ya waya kufuata mishipa kabla ya kuchapa. Sehemu laini zinashuka, ngumu zinabaki juu, na bwawa linapata mawimbi usiyoyachora. Saito Kiyoshi (1907–1997), aliyechapa bustani nyingi za Kyoto, aliutumia uso wa mbao kwa namna hii kwa ustadi mkubwa.

Karatasi na unyevu

Chukua washi, yaani karatasi ya Kijapani, ya nyuzi za mti wa kozo yenye uzito wa wastani, au ile iitwayo hosho. Hosho inayosifiwa zaidi hutoka Echizen, mkoa wa Fukui, lakini ya bei ya chini inatosha kwa jaribio. Kilicho muhimu ni iwe imetiwa dosa, yaani mchanganyiko wa gundi ya wanyama na shabu unaozuia rangi isisambae. Ijaribu: dondosha tone la maji. Likinywewa mara moja, haijatiwa. Unaweza kuitia mwenyewe kwa lita 1 ya maji, gramu 20 hadi 25 za gundi iliyolowekwa usiku kucha na kuyeyushwa kwa moto mdogo bila kuchemka, na gramu 10 za shabu. Paka kwa brashi pana, ning'iniza ikauke. Shabu ikizidi, karatasi huwa kavu na kukatika baada ya miaka.

Jioni kabla ya kuchapa, lowesha karatasi za gazeti lisilo na maandishi kwa brashi pana. Panga: moja yenye maji, mbili za washi, moja yenye maji, mbili za washi. Funga kwenye nailoni, weka ubao juu, acha kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi karatasi iwe baridi ukiigusisha shavuni, iwe imelegea, lakini ising'ae. Ikiwa inang'aa, ina maji kupita kiasi. Itoe, iache wazi dakika chache, uirudishe.

Unyevu huo ndio roho ya kazi. Karatasi yenye unyevu imetanuka, ikikauka inajikunyata. Ukichapa mistari ikiwa na unyevu na paa ikiwa imekauka nusu, paa haliwezi kukaa mahali pake hata kento zikiwa kamilifu. Kila karatasi inayotoka kwenye ubao irudi kwenye nailoni papo hapo. Kwenye joto la pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa, kuvu inaweza kuanza siku ya tatu. Maliza ndani ya siku mbili, au weka bunda lote kwenye friji usiku.

Uji wa gundi, na rangi

Koroga gramu 20 za unga laini wa mchele kwenye mililita 150 za maji baridi, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha, mpaka rangi ya maziwa ipotee na uji uanze kupitisha mwanga. Ukipoa uwe kama mtindi. Usitie chumvi wala sukari. Uchuje kwa kitambaa, kwa kuwa bonge moja linaacha doa jeupe katikati ya anga. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne.

Rangi za maji za tyubu zinafaa, zikipunguzwa ziwe kama maziwa. Kwa nyeusi tumia sumi, wino wa Kijapani wa masizi. Epuka wino mweusi usioyeyuka kwa maji baada ya kukauka, maana una gundi isiyoyeyuka majini inayogeuza brashi kuwa ukuni na kuziba ubao. Kwa anga na maji, buluu ya Prussia haina mshindani. Ilienea Japani kuanzia miaka ya 1830, na ndiyo iliyowezesha anga zile za Hiroshige, mchoraji wa chapa za mandhari wa karne ya 19, zinazoanza na buluu nzito juu na kuyeyuka hadi nyeupe.

Kuchapa

Futa ubao kwa kitambaa chenye maji dakika kumi kabla. Ubao mkavu hunywa rangi, ndiyo maana karatasi tatu au nne za kwanza zitatoka na mabaka. Hizo ndizo ulizoziandaa za kujaribia.

Utaratibu ni huu. Vitone viwili vitatu vya rangi juu ya ubao, kisha gundi kiasi cha punje ya choroko kwa eneo la ukubwa wa kiganja. Sambaza kwa brashi kwa mizunguko, umalizie kwa mapito mepesi, marefu, ya upande mmoja, mpaka uso uonekane kama ngozi yenye jasho jepesi. Ukiona madimbwi, umezidisha. Shika pembe ya kulia ya karatasi kati ya kidole cha pili na cha tatu, iguse ukuta wa kagi. Kushoto iguse hikitsuke. Kisha tu ndipo uiachie ishuke. Weka karatasi ya kuokea juu yake. Sugua kwa bareni kwa uzito wa bega, kwa mwendo wa zigizaga, kutoka katikati kwenda nje. Kila baada ya nakala mbili au tatu, gusisha bareni kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo.

Mpangilio wa michapo yetu ni kumi:

1. Mistari, kwa sumi iliyopunguzwa kidogo. Gundi kidogo sana, la sivyo vimiraba vya milango vitaziba.
2. Mwanga wa milango, njano hafifu.
3. Mbao za baraza na nguzo, kahawia ya kijivu.
4. Taa ya mawe, kijivu, bila gundi.
5. Msonobari, kijani hafifu.
6. Msonobari tena, kijani kizito, brashi ikiwa na rangi upande wa chini wa matawi tu.
7. Paa, kijivu bapa.
8. Paa tena, kijivu cha buluu, kizito chini ya mgongo na kufifia kuelekea upenuni.
9. Maji, buluu.
10. Anga, ambayo yenyewe itarudiwa mara mbili au tatu.

Maeneo madogo yanatangulia makubwa kwa sababu kila eneo kubwa linaongeza maji kwenye karatasi na kulegeza vipimo. Taa ya mawe haipewi gundi kwa makusudi: rangi bila gundi hukaa kwa vitone vitone, mafundi wanaviita goma, yaani ufuta, na vinafanana na jiwe kuliko chochote utakachochora. Kwenye paa vitone hivyo hivyo ni kasoro.

Bokashi ya anga

Bokashi ni rangi inayofifia. Futa ubao wa anga kwa kitambaa chenye maji. Chukua brashi pana ya sentimita 8 hadi 10, ichovye majini, ikung'ute, kisha tia rangi kwenye pembe moja tu ya nywele zake, na gundi kidogo sana. Pitisha kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, pembe yenye rangi ikikaa ukingo wa juu wa anga. Usiinue brashi katikati ya njia. Ndani ya mapito matano au sita rangi itaanza kuteremka yenyewe kuelekea pembe yenye maji.

Kosa la kawaida ni kutaka anga nzito kwa mchapo mmoja. Rangi nyingi hutengeneza ukingo mkali badala ya kufifia. Chapa mara tatu kwa rangi hafifu, kila mara ukiishia mahali tofauti kidogo: ya kwanza ishuke hadi nusu ya anga, ya pili theluthi, ya tatu iwe utepe mwembamba wa sentimita 2 juu kabisa. Utepe huo ulionyooka unaitwa ichimonji, na macho yaliyozoea picha za Hiroshige yanautafuta.

Kwenye maji, geuza: buluu nzito iwe chini, karibu na anayetazama, ififie kuelekea ukumbini. Chini ya milango iliyowashwa, futa ubao kwa kidole kilichofungwa kitambaa kabla ya kulaza karatasi. Pale patatoka weupe mdogo unaosomeka kama mwanga majini.

Kusoma kasoro

Rangi ikihama kiasi kile kile kwenye picha nzima, tatizo ni kento. Kwangua ukuta kidogo sana, au bandika kipande cha karatasi kwenye ukuta ili kuusogeza mbele. Rangi ikikaa sawa karibu na kagi lakini ikazidi kupotea kadiri unavyoelekea kona iliyo mbali zaidi na kagi, kento haina hatia: karatasi imebadilika. Rangi ikivuka mistari kwa nje, karatasi imekauka na kujikunyata tangu uchape mistari. Isipoifikia, karatasi ina maji kuliko mwanzo. Usiguse kento hapo. Iliyozidi maji iache wazi dakika chache kwanza, kisha rudisha bunda kwenye nailoni kwa muda wa saa mbili na ujaribu tena. Mbao nyingi zimeharibiwa na watu waliochonga upya kento zilizokuwa nzuri.

Ukingo wa rangi ukiwa mzito kuliko katikati, kama alama ya kikombe cha chai mezani, maji au gundi imezidi na bareni imeisukuma kando. Nyuzi za karatasi zikinyanyuka na kubaki kwenye ubao, dosa ni hafifu au gundi ni nzito mno. Michirizi ya duara kwenye anga inatoka kwenye ganda la bareni lililochakaa, lifunge upya. Madoa kwenye kuta nyeupe yanamaanisha hukuchimba vya kutosha, au hukufuta sehemu tupu. Yafute kwa kitambaa kila mara, na jioni uchimbe zaidi.

Kukausha

Laza chapa kati ya karatasi za kunyonya na mbao bapa zenye uzito, badilisha karatasi kila siku kwa siku tatu. Ukiziacha zikauke wazi, zinakunjamana kwenye anga, ambako maji yaliingia mengi zaidi. Mbao zioshe kwa maji na brashi laini bila sabuni, zikaushe zikiwa zimesimama kivulini, hewa ikipita pande zote mbili. Andika kwa penseli pembeni mwa kila uso rangi uliyotumia na uwiano wake, kwa sababu mwakani, ukitaka nakala kumi na mbili nyingine za ukumbi huo, hutakumbuka kijivu cha paa kilitokana na nini.